Rangi ya Lori la Baba Yako

Gendabi, Hanang

Mwanangu Judica,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Mahindi yanakomaa, ila kifua changu hakitangoja mavuno. Lile lori dogo la jeshi la plastiki ulilonitumia vipande vyake nimeliunganisha lote, imebaki rangi. Karatasi yake inaonyesha mbili: kijani kitupu, au kijani chenye mabaka ya udongo. Umeomba ile ya lori nililoendesha kwenye vita vya Kagera, uliweke kando ya picha ya baba yako.

Tuliamriwa kulikandika tope kama ukuta wa nyumba, lisionekane kutoka angani. Siku ile nililiosha, kwa sababu nilipenda ling'ae. Evarist, baba yako, alicheka akipanda nyuma: "Tadeo, wewe unaliogesha gari kuliko unavyooga mwenyewe!" Saa sita mchana ndege ya adui ikatuona, ikashusha bomu. Mimi niliruka, yeye hakuwahi.

Nyumbani nilisema tope lilikuwepo, ni bahati mbaya tu. Mama yako alikufa akiamini hivyo.

Nimelipaka kijani kitupu. Ukiona halifai kukaa karibu naye, liondoe.

Baba yako mdogo,
Tadeo