Pale Unapopuliza Pumba

Makole, Dodoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Sasa hivi mjukuu wako Brightness amebandika tonge la ugali kwenye spika ya kompyuta, anasema bibi naye ale. Nimelifuta kwa kanga, ndiyo nikashika kalamu. Kwa nini anadhani upo humo ndani nitakueleza, ila kwanza habari za hapo Mpwapwa? Goti linaendeleaje? Na yule mbuzi aliyemkataa mwanawe, ameshakubali kunyonyesha? Sisi wazima. Brightness ana mafua kidogo, lakini kelele hazijapungua.

Kompyuta aliileta baba Brightness. Ofisi anayolinda ilikuwa inaondoa za zamani. Ina programu ya kutengenezea muziki, maneno yote Kiingereza, na unanijua mimi na darasa la saba langu, kwa hiyo nakwenda kwa rangi. Nyekundu inanasa sauti, kijani inacheza, penye mkasi panakata. Mtoto akilala mchana, nikishaanika nguo, nakaa. Naweka ngoma, juu yake sauti inayofanana na zeze. Mwanzoni baba Brightness alinitania kwamba ameoa bendi nzima kwa mahari ya mtu mmoja. Siku hizi akikuta chakula hakijaiva anauliza tu wimbo umefika wapi.

Juzi Anitha, mwalimu wa kwaya yetu, alikuja kuazima ungo akanikuta nasikiliza wimbo wangu. Akakaa chini. Akasema huo ndio wimbo wa sikukuu ya mavuno. Kilichomshika zaidi ni pale wimbo unaposimama kidogo kabla ya kushuka. Akauliza pale nimepatoa wapi, maana kwaya za siku hizi zinakimbia kama zinafukuzwa. Nikamjibu nimepatoa kichwani.

Mama, si kichwani. Nilipokuja mwezi wa sita, ulipokuwa unapepeta uwele uani, niliweka simu juu ya kinu ikunase ukiimba, bila kukuambia. Ni ule wimbo uliotunga ukinibembeleza mimi. Pale wimbo unaposimama ndipo wewe unapopuliza pumba. Kompyuta ilipanyoosha paende sawa na ngoma, wimbo ukafa, nikaparudisha kama pumzi yako ilivyo. Kisha sauti yako nikaikata, nikaimba mimi. Lakini ya kwako ninayo bado, naisikiliza, ndiyo maana Brightness anakulisha.

Sasa kanisani wananiita mtunzi. Nisikufiche, ni tamu. Sijawahi kuitwa kitu. Nilitaka kukuambia kwa simu, mara mbili nikaishia kuuliza habari za mbuzi. Siku ya mavuno, Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, jina la mtunzi litasomwa mbele ya watu wote, na litakuwa langu. Ukisema usiimbwe, nitawaambia wauache. Ukikubali, lisomwe la kwako, Paskazia Mazengo, nawe uje ukae benchi la mbele. Kaka Ernest akishakusomea barua hii, mwambie anipigie. Nisamehe, mama.

Msalimie yeye na wifi, na majirani wote wa hapo. Baba Brightness anakuamkia.

Mwanao akupendaye,
Loisi

Mama, nilikuwa nafunga bahasha. Anitha yuko mlangoni na wenzake wawili, wamekuja kujifunza wimbo. Brightness ameshawakimbilia, anawaambia bibi ndiye anaimba, nao wanacheka. Wananiita. Sisubiri tena, naenda kuwaambia sasa hivi kwamba wimbo huu ni wa