Jiwe Lako la Mtoni

Mama yangu mpenzi,

Wamelihamisha jiwe lako. Nakwambia mimi mwenyewe kabla hujasikia kwa watu, maana nakujua: ungeshuka bondeni kikwembe kiunoni, ukawatimua enjenia na vibarua wake wote.

Mto wetu hapa Gitega umefanywa bustani. Pale tulipokuwa tunafulia, tangu enzi za bibi zenu waliokuja na wafanyabiashara kutoka Ujiji, sasa kuna njia ya matofali, maua na mabenchi. Jioni watu wanakuja kupiga picha. Pazuri, sitakudanganya, hata ule mtaro uliokuwa unanuka wameufunika.

Unakumbuka kofi la mgongo ulilonipiga siku nilipokaa juu ya jiwe la Mama Saidi? "We mtoto, ile iko na mwenyewe! Unataka afe?" Mtoni kwetu kila mwanamke alikuwa na jiwe lake la kufulia, na hakuna mwingine wa kulikalia wala kulifulia hata mwenyewe akisafiri, maana ni kama kumtangaza marehemu. Akifariki, binti yake anashuka na kufua nguo yake mwenyewe juu ya jiwe lile, na kuanzia hapo jiwe ni la binti. Mimi nilikuwa nafulia kwenye beseni pembeni yako, nikisubiri niolewe nitafutiwe la kwangu.

Halafu vita vikakolea. Tukasikia watu wa Butihinda, kule Muyinga mpakani, wanavuka kwenda Tanzania, na bibi alikuwa kule peke yake na miguu yake mibovu. Ukafunga kikwembe chako cha kijani, ukaniambia mlangoni, "Mi naenda Muyinga kumuchukua mama yangu. We, usiache jiwe yangu iote majani." Nikacheka. Watu wanauana, wewe unawaza jiwe!

Gari lenu halikufika Muyinga. Hatujui zaidi ya hapo mpaka leo. Bibi alibebwa na majirani, akavuka, akafia Tanzania akiuliza kwa nini hukwenda kumchukua.

Miaka ile mawe mengi yalibaki bila wenyewe. Tukishuka mtoni tulifua haraka haraka, masikio yetu yako mlimani, lakini hatukupanda kabla ya kuyasugua yote kwa mchanga na majani makavu ya mgomba. Mama Saidi aliporudi kutoka ukimbizini alilikuta jiwe lake safi. Alilikalia akalia, na sisi tukalia naye. Nikasema basi, na mama yangu yuko njiani.

Nikaolewa, nikazaa, wajukuu zako wamekua. Jiwe la kwangu sikulitafuta. Nilibaki na beseni langu pembeni ya lako, na shangazi Hadija, unamjua mdomo wake, akawa ananicheka: "We unasugua jiwe kuliko sahani za bwana yako!" Hapo tulicheka wote. Lakini akitaja kukusomea hitima, nilikuwa nawaka. Anayetaka kumsomea mama yangu aniletee kwanza maiti yake, nilisema. Hata baba hakuthubutu tena.

Sasa juzi juzi enjenia akatuita mtoni. Mawe yenye wenyewe yatabaki bustanini yawe viti, alisema, na yasiyo na wenyewe yatavunjwa kokoto. Kila mtu asimame penye lake. Nikasimama penye lako.

"Hii iko ya nani, mama?"

"Ya mama yangu."

"Na yeye iko wapi?"

Aliuliza kwa adabu, maskini, kijana wa watu hana kosa. Lakini nyuma yake vibarua walikuwa na nyundo mikononi. Nikisema uko njiani, ataniambia nikulete. Nikisema sijui, watalivunja.

"Amefariki," nikasema. "Ni ya kwangu."

Shangazi Hadija alisema inna lillahi kwa sauti, na wanawake wote wakaja kunipa mkono, kana kwamba habari imefika saa ile ile. Mama, inaniuma. Ni mimi niliyekuua mbele ya watu, nilikuwa sina jinsi nyingine.

Nikapanda nyumbani, nikarudi na gauni langu na sabuni. Nikafua. Jiwe lako lina kashimo pale katikati, pale ulipokuwa unasugulia miaka yote, na ngumi yangu imeingia sawasawa. Nguo Mama Saidi ndiye aliyenikamulia, mimi sikuweza.

Jana nilishuka kulitazama. Wameliweka karibu na maji, chini ya maua. Msichana nisiyemjua alikuwa amelikalia, ananyonyesha. Mdomo ukafunguka wenyewe nimfokee kama ulivyonifokea. Akaniwahi: "Samahani mama, nimekalia nafasi yako?"

"Hapana," nikamwambia. "Kaa, mtoto ashibe."

Nikakaa naye mpaka mtoto akalala.

Ijumaa tunakusomea hitima. Shangazi ameshaanza kuchambua mchele, na mimi ndiye niliyemwambia aanze. Nisamehe kwa kukuchelewesha, na nisamehe zaidi kama nimewahi. Maana kama uko hai mahali, mama, hata kama umezeeka huoni, shika njia uje unigombeze. Jiwe ni lako. Nitatoka nikupishe, nirudi kwenye beseni langu.

Binti yako wa pembeni ya jiwe