Kibaba cha Mfuto kwa Mke wa Eda

Mbegani, Mfungo Tano, mwaka 1303 wa Hijra

Mpendwa Bi Ashura, mwalimu wetu na mshauri wetu, shikamoo, na baada ya salamu naomba unisaidie, maana wanawake wa huku wote wanasema aliyekwama akuandikie wewe Bagamoyo na hutamrudishia barua tupu, nami herufi nilizijua chuoni kabla sijaolewa, kwa hiyo naandika kwa mkono wangu na hapana mwandishi aliyeyasikia haya.

Mume wangu Ausi, mnunuzi wa gundi ya sandarusi, alinipa talaka moja siku ya nne baada ya Idi ya kuchinja, na kisa ni kwamba aliniambia mbele ya wageni wake wa bara kuwa wali umekuwa uji, nami nikamjibu kuwa uji huo ni wa mchele alionunua yeye, wageni wakacheka, naye akawaita jirani zetu Rajabu na Mbaruku wakashuhudia, na ilipofika alasiri nilikuwa mke wa eda, nimehamia chumba cha uani, yeye yuko chumba cha mbele, ukuta ni mmoja na nikikohoa anasikia.

Basi akakadiria masurufu yangu peke yake bila kumuuliza mtu: pishi moja ya mtama kwa juma, yaani vibaba vinne tu, hapana kitoweo, hapana nazi, hapana nguo, akasema sandarusi mwaka huu haina bei, na anayenipimia ni dada yake Sada, naye hupima kibaba cha mfuto, anapitisha kijiti juu mpaka punje za mwisho zirudi kapuni, huku akiniambia, "Wifi, mke wa eda hanenepi."

Nilikasirika, mama, na hasira yangu ndiyo iliyoniponza, maana Sada aliponiuliza hesabu ya eda nilimwambia damu imekwisha kunijia na nimeona tohara mbili, imebaki moja tu, niondoke niwaachie mtama wao, na kweli sikuona hata moja, nina mimba, harufu ya sandarusi inayooshwa uani inanitapisha na zamani nilikuwa naipenda, na Bi Mina mkunga amenipapasa akasema miezi mitatu inatimia. Sasa siku zangu za uongo zinakwisha, Sada amesema juma lijalo ni pishi ya mwisho, na nikisema nina mimba wataniambia nimeitunga ili nile mtama wa Ausi, na nikinyamaza nitarudi kwa mama yangu Makurunge na tumbo, watu wakae wakihesabu miezi kwa vidole. Juzi nilimsikia Ausi akimuuliza dada yake, "Huyo wa ndani anakula lakini?" Sada akajibu, "Anakula sana." Nikalia, wala sijui kwa nini. Nifanye nini, na haki yangu hasa ni kiasi gani?

Mwanaharusi binti Mrisho


Bagamoyo

Mwanangu Mwanaharusi, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikuhurumia, ya pili nilikasirika. Mumeo amekupunja zaidi ya nusu kibaba kwa siku, lakini wewe ulitaka kumpunja mtoto miezi sita mizima. Mwenyezi Mungu amemkataza mwanamke wa eda kuficha kilichomo tumboni mwake, nawe umesoma Kurani chuoni, usiniambie hukufika hapo. Tubu, halafu tupige hesabu.

Eda yako si tohara tatu tena, ni mpaka ujifungue, na masurufu yanakwenda nayo mpaka siku hiyo. Kiasi chake hutazamwa kwa hali ya mume, si kwa kijiti cha wifi. Ausi si tajiri, lakini mtu anayewakirimu wageni wa bara kwa wali asiniambie hana kitu. Kwa hali yake mimi nakadiria pishi mbili kwa juma, kibaba cha tele, kile kinachojaa mpaka kinamwagika. Nazi, na samaki kila baada ya siku moja, maana Mbegani samaki si anasa. Doti ya nguo sasa, kuni, maji, na mafuta ya taa yako. Chumba ni haki yako, usikihame hata Sada akununie vipi, ukitoka bila ruhusa utampa Ausi sababu ya kukunyima. Ukijifungua, mkunga analipwa na yeye, chakula cha mtoto ni juu yake, na ukimnyonyesha una ujira wako. Akibisha, nendeni kwa kadhi, yeye ndiye atakayekata shauri.

Kesho baada ya alasiri waite Rajabu na Mbaruku, hao hao walioshuhudia talaka, na Bi Mina awepo. Mwambie Ausi mwenyewe, usimtume Sada. Anza na uongo wako kabla hawajaugundua, kisha Bi Mina aseme aliyoyajua. Mimba yako imeitangulia talaka, kwa hiyo anayetaka kuhesabu vidole ahesabu, atafika nyumbani kwa Ausi.

Kuhusu kulia kwako, mimi najua kwa nini ulilia. Mwanamume aliyekuchoka haulizi kama unakula. Talaka ni moja na eda ingalipo, akitaka kukurejea njia i wazi, nami nitafurahi. Ila upungufu wa miezi hii miwili autimize hata hivyo, asije akadhani kurejeana ni kufuta hesabu. Na wewe siku nyingine mjibu wageni wakishaondoka.

Aliyeleta barua hii ana kibaba ndani ya kikapu chake. Ni changu, nimewapimia watoto saba kwa hicho na wote wamekua. Mpe Sada mkononi, mwambie kijiti chake sasa akachochee nacho moto.

Ashura binti Alawi