Kompyuta Iko kwa Jirani

Baba Lachlan, nawe Lachlan,

Soseji zipo kwenye friji. Futeni damu sakafuni kabla bibi hajafika.

Asubuhi baba anataka kompyuta mpya ya gemu, mtoto anataka ile kuukuu ibadilishwe kadi ya picha na feni, mkaishia kutwangana ngumi mezani kwangu. Jino la nani lile kwenye sukari?

Mlipotoka nikaamua mimi. Nimeitwanga hiyo kuukuu kwa gongo la kriketi mpaka mkono ukafa ganzi, nikaitupa nje kando ya barabara, lori la taka la halmashauri lizoe. ~~Samahanini.~~ Sijutii.

Lori halijafika, jirani yetu Kowalski keshaiokota. Anasema bado inawaka.

Atakayekwenda kuidai aende na ngumi zake tu; gongo nimeondoka nalo.

Mama