Mbali na Saa

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Karakana ya saa inaendeleaje? Mimi mzima, ila vidole vyangu vimejaa madoa meusi.

Ule uzi tunaoutengeneza maabara hapa chuoni umekubali! Tunachanganya jeli laini na unga wa chuma, tunaisukuma kwenye sindano hadi ndani ya maji ya dawa, nayo inaganda na kuwa uzi mwembamba kuliko unywele. Ukiusogezea sumaku unajikunja, wala haukatiki. Siku moja utapita kwenye mishipa ya damu ukipeleka dawa. Nimekuwekea kidogo kwenye kichupa, pamoja na sumaku yake. Uchezeshe uone.

Binti yako

14 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mimi mzima, wasiwasi ni kwako tu uliye mbali.

Nimeuchezesha mpaka wateja wakasahau saa zao. Unajinyonganyonga kama mtoto anayekataa kuoga! Usinicheke, machozi yalinitoka.

Nami nikupe siri yangu. Mwaka jana niliwekewa kifuani kifaa cha kuusaidia moyo kupiga. Sikukwambia, maana nakujua, ungeacha masomo. Kinafanya kazi vizuri, ila wiki hii kizunguzungu kimenizidi. Uzee huo.

Sumaku yako naitunza. Kwa kuwa ni adui wa saa, haikai mezani hata dakika moja. Iko kwenye mfuko wa shati, upande wa kushoto.

Baba yako

22 Machi

Baba,

Shikamoo. Itoe! Itoe sasa hivi, itupe mbali, ndipo uendelee kusoma. Sumaku ile ina nguvu, inakivuruga hicho kifaa chako. Barua yako imekaa njiani siku nane, na simu yako imezimwa. Nampa hii jirani yako aliyekuja huku, anarudi nyumbani leo. Nina hasira nawe, Baba, na nina hofu. Nijibu, hata neno moja.

Binti yako

29 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Barua yako ilinikuta hospitalini. Nilianguka karakanani tarehe kumi na nane. Muuguzi alipotaka kulikata shati, mkasi ukanasa mfukoni, akauliza nimebeba nini. Ndivyo walivyojua.

Usijilaumu hata kidogo. Aliyeficha ni mimi.

Nilianza barua hii kwa kuandika kwamba mimi mzima, nikaichana, nikachukua karatasi nyingine. Moyo umechoka, mwanangu, na naogopa. Njoo.

Baba yako