Kiti cha Kando ya Bawa

Nyumba ya Kona, nyuma ya gereji,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Hujambo? Shemeji naye hajambo? Na lile goti lako limepoa, au bado ndilo linalokupangia ratiba? Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri, anasikia anachotaka kusikia, na kila asubuhi anagombana na redio. Mimi nina kifua kidogo tu, usiwe na wasiwasi.

Nina jambo la kujivunia, na nisipolimwaga leo nitapasuka. Juzi nimepanda ndege iliyoendeshwa na binti yangu Kidoti. Naam, Kidoti yule yule uliyekuwa ukimsuka nywele huku analia. Alikaa kiti cha kulia, rubani msaidizi, mabegani ana mistari mitatu. Mhudumu alipotaja majina ya marubani niliwageukia abiria wa nyuma yangu nikawaambia, "Huyo ni wangu." Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Niliomba kiti cha kando ya bawa makusudi, kwa ajili yako. Miaka kumi na moja hujapanda ndege, tangu siku ile ulipoona bawa linafumuka na injini zikapiga kelele baada ya kugusa chini. Ulituambia kwenye simu kwamba ndege ilikuwa inavunjika na uliponea chupuchupu. Basi hilo bawa nimeliangalia kwa macho yangu, na wala halivunjiki.

Tulipoanza kushuka, vibao vya nyuma ya bawa vilichomoza kidogo, vikasimama, vikachomoza tena na kuinama. Kidoti alikuwa ameshanieleza mezani, kwa sahani na kisu, kwamba ndege ikipunguza sana mwendo bawa linashindwa kuibeba. Vibao hivyo hulipanua bawa na kulipinda, likaweza kubeba hata kwa mwendo mdogo, na wakati huo huo huzuia upepo ili mwendo usizidi. Kwa hiyo ukiviona vinatoka, bawa linajiandaa kwenda polepole.

Sasa nikwambie ukweli wote, maana nikikuficha utausikia kwa Mama. Tulikuwa tumekaribia kabisa, naona hadi nyasi za kando ya barabara ya ndege, mara injini zikanguruma na pua ikaelekea juu. Watu wakapiga mayowe. Mimi, dereva wa malori ya milimani kwa miaka thelathini, nilikanyaga sakafu kwa mguu wa kulia mpaka soli ikabanduka, nikapaza sauti, "Amekosa gia!" Mama mmoja jirani yangu akaniuliza, "Kwani baba, hii kitu ina gia?" Nikainama kutafuta soli yangu.

Tukazunguka, tukarudi, tukatua. Magurudumu yalipogusa tu, vibao vingine vilisimama juu ya bawa. Hivyo kazi yake ni kulinyima bawa nguvu ya kubeba, uzito wote uangukie magurudumu na breki zishike. Kisha injini zikapiga ile kelele yako. Vifuniko vyake vya ubavuni vilisogea, upepo ukatupwa mbele badala ya nyuma, na mkanda ukanibana tumboni. Hapo nilielewa bila kuelezwa. Dereva wa lori hashuki mteremko kwa breki peke yake, huibana injini imsaidie. Mdogo wangu, kelele unayoikimbia miaka yote hii ndiyo iliyokuwa inakusimamisha.

Nje nilimngoja Kidoti nikiwa na maneno ya kumfariji, nikidhani kaharibu. Aliyetangulia kutoka ni kapteni wake, mtu mzima mwenye mvi. Alinieleza kwamba upepo ulitusukuma kutoka nyuma, vibao vyote vimetoka lakini mwendo bado mkubwa, naye akadhani utapungua. Kidoti akasema, "Turudi juu." Kwao, mmoja akisema hivyo hakuna kubishana, wanapanda kwanza na maswali baadaye. "Alisema kabla yangu, mzee," kapteni akaniambia, "na alikuwa sahihi." Nililia pale pale, sikujificha. Mimi nilishawahi kunyamaza mbele ya bosi aliyepakia lori langu kupita kiasi, nikashuka nalo mlima roho mkononi. Huyu hakunyamaza. Amenitoa kimasomaso.

Ndiyo maana nakuandikia. Mwezi wa sita Kidoti anahamia kiti cha kushoto, anakuwa kapteni. Moja ya safari zake za mwanzo ni kutoka mji wenu kuja huku, na anataka wewe uwe ndani. Sikulazimishi. Ila Mama ana miaka themanini na minne. Zamani kila ukipiga simu alikuwa akikuuliza utakuja lini. Siku hizi haulizi, na kutouliza kwake kunaninyima raha.

Nisalimie shemeji na wale mapacha. Kidoti anakusalimu sana, anasema, "Shangazi akisikia injini zinanguruma chini, ajue ni mkono wangu." Mungu akutie moyo, akutangulie kila hatua.

Mama nilimsomea barua hii yote mchana huu. Nilipofika mwisho akaniuliza, pale uwanja wa ndege wasafiri hutokea mlango gani.

Wako akupendaye daima,
Kaka yako.