Filamu Niliyoiweka ya Kwanza

Jumapili usiku

Bora ningenyamaza. Mchana tulikaa ukumbini kwa mama tukibishana ni filamu gani ya kutisha inayozishinda zote zilizowahi kutengenezwa. Mimi nilikuwa nimeshazipanga kumi kichwani, wenzangu wanakisia. Za mizimu walizipata, ya mwanasesere wakaipata, lakini ya kwanza iliwashinda.

Nikaitaja mwenyewe: ile ya meli inayozama, halafu waliokufa wanaanza kupanda kutoka majini. Nikaisimulia kwa mikono na sauti.

Wifi yangu Mwanahawa, mke wa kaka, akajifunika uso kwa khanga. Nikacheka.

"Wifi, unaogopa hata kusimuliwa?"

Akajibu taratibu, "Mimi boti ilizama nimo. Nilimshika mdogo wangu mkono mpaka ukaniponyoka."

Kaka akatazama chini. Kumbe alijua.

Na mimi ndiye niliyetangaza Bagamoyo nzima kwamba wifi haendi kwenye harusi za Unguja kwa sababu ya maringo. Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza. Naona haya hata kuandika.

Nilimfuata jikoni nikamwomba radhi. "Yameisha, wifi," akasema, akanipa sahani nizikaushe. Nilitamani anigombeze.

Nikikausha, nikamuuliza mdogo wake aliitwa nani.

"Salma," akasema. Akaacha kuosha vyombo, akavuta kigoda, akakaa, akaanza kunisimulia alivyokuwa.